Ekari 22, kaya 24 na ziwa linalopanda: uchambuzi wa kisa cha kijiji rafiki kwa mazingira Kigoma

Kaya 24, kila moja na watu sita kwa wastani, zinataka kuhamia pamoja kwenye ardhi ya ufukweni kusini mwa Ujiji, upande wa kuelekea mdomo wa Mto Malagarasi. Nia yao iko wazi: nyumba zisizokula msitu, maji safi bila kungoja bomba la mji, vyoo visivyovujia ziwani, na kipato cha dagaa na mawese kisicholimaliza ziwa. Ardhi ina upana wa mita 220 kando ya maji na urefu wa mita 400 kupanda mlimani, yaani ekari 22 kasoro kidogo. Kisa hiki ni cha mfano. Vipimo vyake vimepangwa ili msomaji afuate hesabu na kuweka za kwake, lakini matatizo yaliyomo ni yale yale yanayowakuta watu wa mwambao huu.

Ardhi yenyewe ina sehemu tatu. Mita 90 za kwanza kutoka majini ni mchanga uliolala, mteremko wa asilimia 3. Mita 110 zinazofuata ni tifutifu, asilimia 8. Mita 200 za juu ni udongo mwekundu wenye kokoto, asilimia 20, uliokwisha kukatwa miti kwa ajili ya mkaa na kuchoma matofali.

Ramani ya kwanza iliweka nyumba katika safu mbili, moja mita 65 kutoka majini na nyingine mita 95. Nyuma ya kila nyumba palikuwa na choo cha shimo la mita 3, na katikati kisima kifupi. Kisheria watu hawa walijitahidi, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufukwe wa bahari au ziwa. Walikaa nje ya mstari, lakini hawakupima kimo.

Kimo kwanza

Mita 65 kwenye mteremko wa asilimia 3 ni kimo cha mita 1.95 tu juu ya maji. Ramani ile ilipimwa Oktoba, ziwa likiwa chini. Kwa kawaida Ziwa Tanganyika hufika juu kabisa mwishoni mwa masika, Aprili hadi Mei, na tofauti ya msimu hukaribia mita moja. Toa sentimita 80 za msimu, safu ya kwanza inabakiwa na mita 1.15. Hapo bado hatujagusa miaka mibaya.

Miaka mibaya ipo, na ina sababu inayoeleweka. Ziwa hili lina mto mmoja tu unaotoa maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa mvuke, si kwa mto. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka miwili mfululizo, ziada haina pa kwenda haraka. Inajilimbikiza na kushuka polepole kwa miaka mingi. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 ziwa lilipanda hadi kilele cha 1964. Mwaka 2020 na 2021 lilipanda tena, maji yakaingia bandarini, kwenye mialo na kwenye nyumba za ufukweni Kigoma, na upande wa Burundi yakafunika mitaa ya Gatumba. Mwaka 2024 hali ikajirudia. Anayejenga hapa anajenga kando ya maji yanayoweza kupanda mita kadhaa na kukaa huko juu kwa miaka, na kwenye mchanga wa asilimia 3 kila mita moja ya kupanda inakula mita 33 za ardhi.

Kanuni tunayoipendekeza ni sakafu ya nyumba iwe angalau mita 5 juu ya usawa wa maji wa Mei. Ukipima Oktoba, ongeza mita moja. Katika ardhi hii, kimo cha mita 5 kinafikiwa mita 119 kutoka majini, na cha mita 6 mita 131. Nyumba zianze mita 135 na ziishie 200. Mtu akilalamika kwamba ziwa liko mbali, atembee: ni dakika mbili.

Kupima hakuhitaji mpimaji mwenye chombo cha gharama. Mpira mwangavu wa mita 20 uliojazwa maji, ambao mafundi wanautumia kusawazisha msingi, unatosha. Anza alfajiri kabla upepo haujaamsha mawimbi, piga kigingi cha kwanza pale maji yalipolala, kisha panda mita 10 kwa mita 10, vigingi 40 hadi juu, ukiandika tofauti ya kila hatua. Mpira ukiwa na kiputo cha hewa ndani, vipimo vyote ni batili. Uinue mwisho mmoja, uache maji yamwagike mpaka kiputo kitoke. Rudia kwenye mistari mitatu, kusini, katikati na kaskazini mwa ardhi, kwa sababu mikondo iliyofukiwa na mchanga haionekani kwa macho.

Ukanda uliobaki chini haupotei. Mita 60 za kwanza zinabaki mwalo: mitumbwi, vipe (vyombo vya uvuvi), nyavu na vichanja vya dagaa vinavyohamishika, na matete yaliyopo yaachwe yasimame, kwani ndiyo yanayovunja nguvu ya mawimbi na kukamata tope. Kati ya mita 60 na 120 ni michikichi. Eneo hilo ni mita za mraba 13,200. Kwa nafasi ya mita 9 za pembetatu, ambayo ni miti 143 kwa hekta, linabeba michikichi 188 hivi. Mvua ya Kigoma, karibu milimita 1,000 kwa mwaka na miezi karibu mitano ya ukavu, ni kidogo kwa mchikichi, ambao hupendelea karibu mara mbili ya hiyo. Lakini chini ya mchanga huu maji yako karibu na mizizi, na mchikichi ukiloweshwa kwa muda mfupi unavumilia vizuri kuliko ukuta wa tofali. Chukua miche ya Tenera, chotara yenye kokwa nyembamba na nyama nyingi, iliyozalishwa kwa mpango, kama inayotoka kituo cha utafiti cha Kihinga. Ukiotesha mbegu ulizookota chini ya Tenera utapata mchanganyiko, na baadhi zitakuwa na kokwa nene na nyama kidogo.

Maji: ya mvua kwa kunywa, ya ziwa kwa mengine

Kisima kifupi kwenye mchanga, katikati ya vyoo vya shimo, kifutwe kwenye ramani bila mjadala. Mchanga unapitisha maji haraka, na maji ya ardhini hapo yako mita moja au mbili tu chini. Choo cha mita 3 kinakaa ndani ya maji yale yale yanayochotwa. Mei 2015, kule Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Gombe, wakimbizi kutoka Burundi walijazana mahali penye vyoo vichache na maji ya ziwa. Kipindupindu kikawapata zaidi ya watu 3,000. Mwambao huu unaijua gharama ya kuchanganya kinyesi na maji.

Nyumba ya mita 6 kwa 8, yenye paa linalozidi ukuta sentimita 60 kila upande, ina paa la mita za mraba 66. Kwa mvua ya milimita 950 na hasara ya asilimia 20, paa hilo linakusanya lita 50,000 kwa mwaka. Kosa la kawaida ni kuwaza tangi la kuhifadhi zote. Swali la kujiuliza ni kipindi cha ukavu kinahitaji kiasi gani. Katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba ni siku 150. Kwa kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa mtu, kaya ya watu sita inatumia lita 30 kwa siku, jumla lita 4,500. Simtanki ya lita 5,000 inatosha, na inajaa kwa milimita 95 tu za mvua, pengine ndani ya mwezi wa kwanza. Ukitaka maji ya mvua yafue nguo na kuoga pia, lita 20 kwa mtu, unahitaji lita 18,000, na gharama ya tangi inaipita ya bati la paa.

Maji ya kwanza yanayoosha paa yatupwe, milimita moja, yaani lita 66. Hapa mafundi wengi hukata bomba la inchi nne la mita moja wakaliita kichujio. Bomba hilo linabeba lita 8 kwa mita. Lita 66 zinataka mita nane za bomba, kwa hiyo weka pipa la lita 70 lenye koki ndogo chini inayovuja polepole, lijimwage lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Koki ikiziba kwa majani, pipa linabaki limejaa na uchafu wote unaingia kwenye tangi bila mtu kujua. Ifunguliwe kila wiki wakati wa mvua.

Matumizi mengine ni lita 40 kwa mtu kutoka ziwani: watu 144, lita 5,760 kwa siku. Kwa kuchota huko kibali kinahitajika kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyopo Kigoma. Tangi la maji ghafi, yaani yasiyochujwa bado, liwe mita 300 kutoka ufukweni, ambako kimo kinafika mita 31.5. Ukiongeza mita 3 za kupandia tangini na mita moja na nusu inayoliwa na msuguano ndani ya bomba jeusi la milimita 40, pampu inasukuma mita 36. Kazi hiyo kwa siku ni kama uniti 0.57 za umeme. Kwa pampu ndogo yenye ufanisi wa asilimia 40 inakuwa uniti 1.4. Paneli za sola za wati 600 zinaiweza hata siku yenye mawingu kiasi. Bomba la milimita 32 ni rahisi zaidi dukani, lakini linaongeza msuguano mara tatu hadi nne, na pampu itazilipia mita hizo kila siku ya uhai wake.

Pampu iwekwe wapi? Ukiiweka nchi kavu karibu na maji, itazama ziwa likipanda. Ukiipandisha hadi mahali salama, mita 5 juu, unaikaribia mipaka ya kufyonza: pampu ya juu ya ardhi haipaswi kutegemewa kuvuta zaidi ya mita 6, na bomba refu la kufyonzea linaongeza hasara. Jibu ni pampu ya kuzamisha iliyoning'inizwa chini ya chelezo kilichotiwa nanga mita 40 ndani ya ziwa, kichwa chake mita 2 chini ya uso wa maji, mbali na mwalo. Chelezo kinapanda na kushuka na ziwa. Bomba la kutoka kwenye chelezo liwe linalopinda, na kamba ya nanga iwe ndefu mara tatu ya kina, la sivyo upepo wa kusini wa Juni hadi Agosti utaing'oa. Mvua ikiwa kubwa na tope la Malagarasi likisogea hadi hapo, zima pampu. Tangi ghafi la lita 10,000 na tangi safi la ukubwa huo huo vinawapa siku tatu za kungoja.

Maji hayo yanashuka kwenye machujio ya mchanga ya polepole. Lita 5,760 kwa saa 24 ni lita 240 kwa saa, na chujio zuri linapitisha lita 100 kwa saa katika kila mita ya mraba. Jengeni masanduku mawili ya zege, kila moja mita 1.6 kwa 1.6, ili moja likisafishwa jingine libebe mzigo wote. Chini kokoto za sentimita 30, kubwa zikiwa chini na ndogo juu. Kisha mchanga wa sentimita 90. Kisha maji ya mita moja juu ya mchanga. Mchanga wa ufukweni unafaa ukichekechwa na kuoshwa mpaka maji ya mwisho yatulie yakiwa meupe. Kinachosafisha ni utando hai unaoota juu ya mchanga kwa wiki mbili tatu za kwanza, na utando huo unahitaji maji yenye oksijeni yanayopita usiku na mchana. Chujio likifungwa usiku kuokoa maji, vijidudu vinavyokula vimelea vinakufa kwa kukosa hewa, na asubuhi maji yanatoka yakinuka. Hili ndilo kosa linaloua machujio mengi. Mtiririko ukipungua, kwangueni sentimita moja au mbili za juu tu. Mchanga ukishuka hadi sentimita 60, rudisheni ule ulioondolewa, baada ya kuoshwa.

Klorini inahitaji neno la pekee. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 9. Klorini katika maji ya pH 7 huwa na robo tatu katika hali kali inayoua vijidudu. Kwenye pH 9 sehemu hiyo ni chini ya asilimia 5. Kwa hiyo vidonge na vimiminika vya kutibu maji, vikitumiwa kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye kifungashio, havifanyi hapa kazi ile inayotarajiwa. Ndiyo sababu maji ya kunywa tumeyaacha kwa mvua, na tangi la mvua likiisha, maji ya chujio yachemshwe.

Choo, na suala la kuchamba

Vyoo vya mashimo vikiondoka, vinavyofaa ni vyoo vya vyumba viwili vinavyotenganisha mkojo, vilivyojengwa juu ya ardhi. Kinyesi na majivu ya kukifunika ni kama lita 0.3 kwa mtu kwa siku. Watu sita kwa mwaka ni lita 657. Chumba cha sentimita 90 kila upande kinabeba 729. Kimoja kinatumika mwaka mzima huku kingine kimefungwa. Kwa joto la Kigoma mwaka mmoja wa kukaa pakavu ndio muda wa chini, kwa sababu mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu kuliko vijidudu vingine vyote. Akitokea mtu wa kusema miezi sita inatosha kwa vile hakuna harufu, akataliwe. Harufu huondoka zamani kabla ya mayai kufa.

Vyoo vya namna hii hushindwa kazi kwa sababu moja zaidi ya nyingine zote: maji. Ujiji na jirani zake ni watu wanaochamba kwa maji, na haitatokea waache, wala hawapaswi kuombwa. Mchoro wenye tundu moja la kinyesi na sehemu moja ya mkojo unawalazimisha kumwaga maji chumbani. Chumba kinalowa, funza wanajaa, na baada ya miezi mitatu watu wanarudi vichakani. Wekeni sehemu tatu: tundu la kinyesi lenye mfuniko, bakuli la mkojo mbele, na pembeni, hatua moja, bakuli la kuchambia lenye bomba lake linalokwenda kwenye shimo la kokoto lililozungukwa na migomba. Nafasi ya ndani iongezeke sentimita 40 kwa ajili ya hatua hiyo. Hakuna sentimita 40 zenye faida kubwa kuliko hizi katika mradi wote.

Mkojo wa kaya, lita 7 hivi kwa siku, unajaza dumu la lita 20 kwa siku tatu. Uchanganywe na maji mara tatu hadi tano, umwagwe kwenye kisahani kuzunguka mchikichi na kufunikwa udongo papo hapo, la sivyo nitrojeni inapaa hewani. Mchanga ule mweupe hauna rutuba, na hii ndiyo mbolea ya bure iliyo karibu.

Tofali na mtaro ni kazi moja

Mteremko wa juu unahitaji makingamaji, yaani mitaro ya kuzuia maji yasikimbie na udongo, na nyumba zinahitaji udongo. Kwa mteremko wa asilimia 20, tofauti ya kimo kati ya mtaro na mtaro ni mita 2.1, sawa na mita 10.5 za kutembea. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 uchimbwe hivi: sentimita 20 za juu, zenye rutuba, zirushwe upande wa juu kama tuta la fanya juu na kupandwa nyasi za vetiva kila sentimita 15. Sentimita 40 za chini ndizo udongo wa tofali, kwa sababu hazina mizizi wala mboji, vitu vinavyoozea ndani ya tofali na kulidhoofisha. Mtaro mmoja wa mita 220 unatoa meta za ujazo 53.

Nyumba moja ya mita 6 kwa 8, pamoja na kuta za ndani, ina ukuta wa mita za mraba 98 baada ya kutoa milango na madirisha. Kwa tofali za kufungamana za sentimita 30 kwa 15 kwa 10 ni kama tofali 3,300, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali 80 hivi, hivyo mifuko 42. Udongo wake kabla ya kuchimbwa ni meta za ujazo 16. Nyumba 24 zinataka 384, yaani mitaro saba na kipande. Ukihesabu kokoto zitakazochekechwa nje, mitaro minane au tisa. Hivyo kilima kinapata kinga yake kwa jasho lile lile linalojenga nyumba, na hakuna shimo la udongo linalobaki wazi kuwa bwawa la mbu. Kila mita 8 acheni kizuizi cha udongo ndani ya mtaro. Mtaro usio na vizuizi unakuwa mfereji: maji yanakimbilia mahali palipo chini kidogo, yanalipasua tuta, na korongo linaanza usiku mmoja.

Kabla ya kununua saruji, pimeni kunywea (kusinyaa) kwa udongo. Sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 4 kwa 4 hupakwa mafuta ndani, hujazwa udongo uliolowa vizuri na kukaushwa siku tatu juani. Sukuma vipande vyote upande mmoja, pima pengo. Chini ya milimita 15, mwongozo wa kawaida huruhusu saruji 1 kwa udongo 18. Milimita 15 hadi 30, 1 kwa 16. 30 hadi 45, 1 kwa 14. 45 hadi 60, 1 kwa 12. Zaidi ya hapo ongezeni mchanga. Kwa nyumba za hapa, zinazopigwa na mvua ya upepo kutoka ziwani, hatushauri kwenda mbali ya 1 kwa 12 hata udongo ukiwa mzuri, na hesabu ya mifuko 42 imefuata hilo. Tofali likae kivulini na kumwagiwa maji siku saba, kisha lingoje hadi siku ya 28. Likianikwa juani siku ya kwanza litapasuka pembe, na pembe ndizo zinazofungamana.

Kwa nini tusichome tofali kama wengine? Kwa sababu tanuri linakula magogo ambayo kilima hiki hakina tena, na udongo unaokimbia kwenye kilima kitupu unaishia kwenye mawe ya ziwa, mahali ambapo samaki wengi wasiopatikana popote pengine duniani wanataga na kula. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini halina oksijeni. Samaki wanaishi kwenye tabaka lile la juu, hapo hapo tunapomwaga tope.

Mashine moja ya mkono na watu sita hutoa tofali 350 kwa siku. Tofali 19,800 za nyumba sita zinataka siku 57 za kazi. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na muda huo ndio kiangazi. Kikundi kipange nyumba sita kila kiangazi kwa miaka minne, wavuvi wakiwa nchi kavu na mvua haipo. Mashine tatu zingeweza kumaliza zote kwa msimu mmoja kwa hesabu, lakini dosari ya mchanganyiko au ya choo ingerudiwa mara 24 kabla haijaonekana. Maji yatangulie: mashine inataka lita 300 kwa siku za kuchanganyia, mbali na za kumwagilia.

Kuni hazitoshi

Hapa nia na ardhi vinagongana. Mtu mmoja hutumia kuni kilo 1.2 hivi kwa siku kwa mafiga matatu. Watu 144 ni tani 63 kwa mwaka. Shamba la mijohoro lililotunzwa vizuri, tukilikadiria tani 9 kwa hekta kwa mwaka, lingehitaji hekta 7, na ardhi yote ni hekta 8.8. Majiko banifu yakipunguza nusu, bado ni hekta 3.5, karibu mteremko wote wa juu. Anayesema kijiji hiki kitajitosheleza kwa kuni hajapiga hesabu. Mpango wa kweli ni mchanganyiko: mijohoro kati ya mitaro kwa ajili ya kukausha samaki aina ya migebuka na kupika maharage ya jioni, maganda ya mise (kokwa za chikichi) na makapi ya chikichi kwenye jiko la kukamulia mawese, na gesi ya mtungi kwa chai na mboga. Gesi ikizidi, majivu ya chooni yanapungua. Udongo mkavu uliochekechwa na chokaa kidogo uwekwe akiba kabla ya mvua.

Maji machafu ya kukamulia mawese yasiteremke ziwani hata ndoo moja. Yana mafuta na uchachu unaonyang'anya maji oksijeni. Yachanganywe na makapi na majani kwenye rundo la mboji, juu ya mstari wa mita 60 kutoka majini.

Mwaloni, vichanja vya dagaa viwe vya miti na nyavu, kimo cha sentimita 90, upana usiozidi mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote. Dagaa watandazwe tabaka moja. Wakianikwa mchangani wanabeba mchanga na bei inashuka. Wakirundikwa wanachacha chini huku juu wamekauka. Msimu wa mvua unataka turubai la plastiki mwangavu juu ya kichanja, lililoinuliwa pande mbili upepo upite.

Hati

Ardhi ikiwa ya kijiji, mwombaji anapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kinachotolewa ni hakimiliki ya kimila. Afisa mazingira wa halmashauri ya wilaya ashirikishwe kabla ya kuchimba chochote, aseme kama tathmini ya athari kwa mazingira inahitajika. Suala gumu ni jina la kwenye hati. Zikitoka hati 24, kaya moja itakayopata shida inaweza kumuuzia kiwanja mtu wa nje anayetaka hoteli yenye mfumo wake wa maji taka, na kazi yote ya wengine inavuja kupitia uwanja mmoja. Ushauri wetu ni hati moja ya kikundi kilichosajiliwa, na mkataba wa ndani kwa kila kaya wenye jina la mke na la mume, unaotaja nyumba, tangi, choo na migomba kama mali ya kaya, na mwalo, pampu, machujio, mitaro na michikichi kama mali ya wote. Kaya inayoondoka inauza mali yake kwa kikundi, kwa thamani inayokadiriwa na watu watatu, mmoja kutoka nje, na kulipwa ndani ya miezi 12. Kifungu hicho kiandikwe na kusainiwa kabla ya tofali la kwanza, wakati hakuna anayejua ni nani atakayeondoka.

Ada ya maji ilipwe kila mwezi, na nusu yake ifungiwe kwa ajili ya pampu. Anayesafisha machujio alipwe, awe mtu mmoja mwenye jina na msaidizi wake. Zamu ya kaya 24 maana yake ni kwamba kila anayekwangua mchanga anafanya hivyo kwa mara ya kwanza, na atakwangua sentimita kumi.